Mechi ya besiboli ya chuo huko Baton Rouge: tikiti, viti, mkoba

Ngazi_ya_Umoja
Wadau, Aprili naenda kumwona dadangu anayesoma LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Tunataka kuingia Alex Box, uwanja wao wa besiboli, siku moja. Kriketi naifahamu, besiboli bado. Twende siku gani, tukae wapi, na nitalipaje nikiwa Nairobi?

Wiketi_Tatu
Siku kwanza. Mechi za ligi yao, SEC, huja tatu mfululizo na timu moja, Ijumaa hadi Jumapili. Wikendi ya Pasaka mara nyingi zinaanza Alhamisi, kwa hivyo soma ratiba kabla ya kulipa. Kama ni moja tu, chukua ile ya kwanza. Hapo ndipo kocha humtoa mrushaji wake bora, maana akisharusha mipira kama mia, mkono wake hupumzishwa karibu wiki nzima. Jumanne huletwa timu ndogo na tikiti hushuka, lakini warushaji hubadilishwa kila mara na mchezo unakokota.

Wewe wa kriketi, shika haya: eneo halali ni pembe ya nyuzi 90 mbele ya mpigaji. Mpira ukitoka nje ya hapo si mkimbio, ila ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka. Ukitua ndani, lazima akimbie. Hakuna kuzuia na kusimama. Kila timu hupiga zamu 9, na zamu huisha wakitoka watatu. Tenga saa tatu. Timu ikiongoza kwa mikimbio 10 baada ya zamu 7, mchezo umekwisha.

Kona_GPO
Malipo: kadi za huku hukataliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, benki haijafungua ununuzi wa mtandaoni wa nje, wapigie. Ya pili, fomu hudai msimbo wa posta wa tarakimu tano. Weka ule benki yako inaoujua, mfano 00100, usibuni wa Louisiana. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay pia ni njia. Rahisi kuliko zote: dadako anunue, akurushie tikiti kwenye simu. Usitegemee picha ya skrini, misimbo mingi hujibadilisha na mashine ya langoni itaikataa. Ipakue mkiwa bado na Wi-Fi. Uwanja unabeba watu 10,326, na wote wakiwa hewani mtandao unalemaa.

Ngazi_ya_Umoja
Asanteni. Na viti? Nabeba mkoba wa ngozi wa kawaida.

Wiketi_Tatu
Mkoba uache nyumbani. Viwanja vingi vya vyuo vinataka mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, na pochi ndogo ya kutosha kiganjani. Thibitisha kwenye tovuti ya LSU wiki ya mechi. Mkitaka bia, beba pasipoti. Umri ni 21 na kitambulisho cha Kenya huenda kisieleweke.

Viti: nyuma ya neti inayokinga watazamaji walio nyuma ya mpigaji, upande wa besi ya tatu (kituo cha kukimbilia kilicho kushoto ukiutazama uwanja toka kwa mpigaji). Viwanja vingi vimeelekezwa mashariki-kaskazini, kwa hivyo jua la jioni hutokea mgongoni mwenu na kivuli huanzia hapo. Angalia ramani ya uwanja huu kabla ya kuamini kanuni hiyo. Pale neti inapoishia ndipo hatari: gongo la chuma hurudisha mpira kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mtoto asikae hapo, wala mtu anayechati.

Kona_GPO
Radi, jamani! Ikisikika karibu, wachezaji huondolewa, na kila radi mpya huanzisha upya hesabu ya dakika 30. Msikimbilie gari, tikiti nyingi haziruhusu kuingia tena. Na watu wote wakisimama katikati ya zamu ya 7, hawaondoki. Wananyoosha miguu tu.

Ngazi_ya_Umoja
Sawa. Ijumaa basi, na mfuko wa plastiki.