Fundi kafyeka nakala za kivuli ili video za harusi zipate nafasi, leo naulizwa mimi faili ziko wapi!

Wakuu, nimewaka. Mtanisamehe lugha.

Ofisi yetu iko Kurasini, kazi yetu kutoa mizigo bandarini. Jumanne saa 8 mchana dada wa mapokezi kafuta folda ya wateja kwenye seva akidhani ni nakala yake. Simlaumu. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, nani kati yetu husoma yale maandishi? Nikampigia fundi wa TEHAMA. "Angalia kwenye pipa la taka kaka, mbona jambo dogo."

Jambo dogo! Faili ya seva ukiifuta ukiwa kwenye kompyuta yako, haiingii kwenye pipa la kompyuta yako. Inapita moja kwa moja. Mimi mhasibu nalijua hilo, yeye anayelipwa kila mwezi halijui.

Nikamkumbusha nakala za kivuli, yaani zile nakala za faili ambazo seva hujiwekea yenyewe kwa ratiba. Windows Server ukiziwasha na kuacha ratiba yake ilivyo, inapiga saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Unabofya kulia kwenye folda, unafungua matoleo ya awali, unachukua la mchana ule, kwisha. Mwaka jana ziliniokoa hivyohivyo kabla chai haijapoa. Safari hii nafungua, orodha tupu.

Kimya kwenye simu. Halafu: "Aah, zile nilizifuta wiki iliyopita, diski ilikuwa imejaa."

Imejaa nini? Nikaingia kutazama. Harusi tatu za watu, mechi za Simba na Yanga, picha zote za simu ya bosi. Hivyo havikuguswa! Na nakala zile zina kikomo chake, kwa kawaida asilimia 10 ya diski, nafasi ikibana mfumo wenyewe unatupa za zamani kwanza. Nani alimtuma panga? Bekapu ya diski ya nje msiniulize, iko kwenye droo yake tangu Machi.

Sasa kilichonimaliza kabisa. Kesho yake kaja na programu ya kurudisha faili, kaisakinisha kwenye diski ileile! Faili ikifutwa data huwa bado ipo, ila sehemu yake imeandikwa kuwa wazi, na chochote kipya kinaweza kukaa juu yake. Kaja kuokoa maiti kwa kuikanyaga. Na wenzangu asubuhi nzima walikuwa wanahifadhi kazi mlemle. Zimerudi faili 40 hivi, nusu yake hazifunguki.

Kontena za wateja zimelala bandarini, tozo inapanda kila siku, na bosi anataka kumkata dada wa watu mshahara. Fundi yeye kaleta ankara ya "huduma ya dharura".

Seva nimeizima tangu jana jioni, haiguswi na mtu. Mwenye kumjua mrudisha data wa kweli hapa Dar aniambie na bei yake, kikao ni kesho saa 3 asubuhi.