Naomba ushauri: sura ya mapitio ya maandishi niipangeje?

Hamjambo wenzangu. Ninasomea uzamili hapa Kisumu. Tasnifu yangu inahusu gugumaji, mmea vamizi unaoelea majini, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na mapato ya wavuvi wa ufuo wa Dunga. Data ninayo. Kinachonitatiza ni mapitio ya maandishi: msimamizi anataka hoja, si orodha ya "fulani alisema hivi, fulani akasema vile".

Nimechora jedwali lenye mwandishi, swali lake, mbinu, matokeo na pengo aliloacha. Linanisaidia sana kuona nani anapingana na nani. Kwa mfano, gugu lilipopungua mwishoni mwa miaka ya 1990, wapo wanaosema ni kazi ya wadudu aina ya fukusi walioachiliwa ziwani, na wapo wanaotaja hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Mjadala huo naupenda mno, ila niupe nafasi kiasi gani ilhali swali langu ni la mapato?

Mliopitia haya, mlipanga kwa mada, kwa miaka, au kwa pande za mjadala? Utangulizi je, mliuandika mwisho? Mimi naelekea huko. Na mwenye muda wa kusoma kurasa mbili tatu anikosoe bila kunionea haya, nitamshukuru kwa dhati.