Bao lanipa raha, daftari la alama limeniharibia nyumba. Tofauti iko wapi?

Fundi Mbao (Langoni, Lamu) anauliza:

Assalaam alaykum. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mfungo uishe. Nalileta hapa kwa kuwa humu mna wazee, walimu na wazazi wenzangu.

Mimi ni fundi wa kuchonga milango. Kila siku baada ya Asr naweka patasi chini, nanawa mikono, nashuka Mkunguni mbele ya Ngome kucheza bao. Nilianza nikiwa na miaka 15. Nikifungwa huumia kweli, wala sijifichi. Nikishinda narudi nyumbani mwepesi, na hata mbao za kesho naziona laini. Adhana ya Magharibi ikilia tunaacha kete zilivyo na kwenda kuswali.

Basi Ramadhani iliyopita nikasema, raha hii mbona nisiiingize nyumbani? Nina watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 6. Nikanunua daftari, nikapiga mistari, nikalitundika kwa msumari karibu na ngazi. Kuosha vyombo alama 2. Kufagia ua alama 2. Kupeleka sahani ya futari kwa bibi yao alama 3. Kusoma sura moja ya Kurani alama 1. Mwenye alama nyingi ikifika Alhamisi usiku apewa shilingi 100.

Wiki mbili za mwanzo nyumba iling'aa. Mama yao alishukuru, nami nikajiona nimepata dawa.

Wiki ya tatu nikamsikia binti wa miaka 9 akisoma. Ana sauti nzuri, nikasimama nje ya mlango nisikilize. Alisoma Kauthar. Akamaliza, akasoma Kauthar. Halafu Asri, halafu Kauthar tena. Nikaenda kutazama daftari: siku ile moja alikuwa amejiandikia alama 11. Kabla ya hapo alikuwa amefika Naba'i na anaipenda, anaisoma polepole na kuniuliza maana. Tangu daftari litundikwe hakuifungua tena, kwa sababu Naba'i ina aya 40 na alama ni ile ile 1.

Kisha mama yangu mzazi akaniuliza, "Mjukuu wangu ana haraka gani siku hizi?" Zamani binti akipeleka sahani alikaa na bibi yake mpaka wafuturu pamoja, asimuliwe habari za jahazi za marehemu babu yake. Sasa anaiweka sahani kwenye baraza ya daka, anapiga hodi, anakimbia kuwahi ua kabla kaka yake hajaufagia.

Lililonivunja ni la mwisho. Mama alikuwa na maumivu ya goti, akamwomba kijana wangu wa miaka 12 amsugue mafuta. Mtoto akajibu, bila ujeuri wowote, kama mtu anayeeleza bei ya sukari: "Bibi, hiyo haimo kwenye daftari."

Sikulala. Mtoto huyu tangu ana miaka 5 alikuwa akimsugua bibi yake goti bila kuombwa.

Sasa nauliza. Bao lina mashindano, lina kushinda na kushindwa, na halijawahi kunifanya mtu mbaya. Daftari nililiiga kutoka kwenye mchezo. Mbona mchezo unalisha roho na daftari linaila?

---

Mzee wa Mkunguni anajibu:

Wa alaykum salaam fundi. Nakujua, tumefungana mara nyingi.

Kosa lako, kwa heshima, ni kudhani bao lina alama. Halina. Hebu fikiri. Mashimo 32, kete 64. Tunaanza na kete 10 ubaoni kila mtu, 6 zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Sasa niambie, ukinila, kete zangu unaziweka wapi? Huzitii mfukoni. Unazipanda upande wako, na baada ya muda zinanirudia. Mchezo ukiisha, kete zote 64 zingali pale pale. Hakuna aliyekusanya kitu.

Tena nimewaona vijana wengi wakifungwa wakiwa na kete tele. Wamezirundika safu ya nyuma wanazitazama kama mali, mbele mmebaki shimo moja, linaliwa, basi kwisha. Bao humalizika safu ya mbele ikiwa tupu au ukikosa pa kucheza. Kuhesabu kete hakumsaidii mtu.

Na jambo jingine. Kete ni komwe. Kama tungekuwa tunazitaka komwe zenyewe, mikomwe iko ufuoni, tungeokota bure na kujaza kikapu. Tunakaa saa nzima kwenye jua la alasiri tukipigania mbegu zisizoliwa wala kuuzwa. Twataka ule ugumu. Ukiniambia leo, "Mzee, chukua kete zangu zote, umeshinda," utakuwa umeniharibia jioni yangu.

Binti yako alipokaa na bibi yake, alichokitaka kilikuwa mle mle kwenye kukaa. Wewe ukaweka alama mwisho wa njia, mtoto akatafuta njia ya mkato. Usimlaumu, amecheza vizuri mchezo uliompa. Bodi ndiyo uliyoichora vibaya.

---

Mama wa Vyumba (Malindi) anajibu:

Fundi, pole sana. Mimi sina watoto wadogo tena lakini daftari lako nalijua, langu liko ndani ya simu.

Nakodisha vyumba vitatu hapa Malindi, wageni wengi ni Waitaliano na watu wa Nairobi. Kila mgeni akiondoka anatoa nyota, mwisho 5. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu nyota zilinionyesha kuwa godoro la chumba cha pili limechoka na sikujua. Baadaye nikaanza kuamka usiku kutazama simu. Nilikuwa na 4.9, ikashuka 4.8, nikashindwa kula.

Kuna mzee mmoja alikuja peke yake, akapata homa. Nilimpikia uji wa mtama na ndimu siku tatu, nikampeleka hospitali kwa tuktuk, nikamsubiri. Alipoondoka alinishika mikono miwili akalia. Jioni nyota zikaja: 4. Intaneti ilikuwa polepole.

Nitasema kweli ya Mungu, nilimkasirikia. Nikajiuliza nilimpikia uji wa nini. Hapo ndipo nikaogopa, ndugu yangu, kwa maana wakati naukoroga ule uji sikuwa nawaza nyota hata moja. Nyota zilikuja baadaye zikaingia ndani ya uji wangu.

Na mzee wa watu hakukosea. Aliulizwa kuhusu chumba, akajibu kuhusu chumba. Mimi ndiye niliyedhani ananipima mimi.

Siku hizi natazama nyota Jumamosi asubuhi tu, kalamu mkononi, naandika cha kurekebisha, nafunga.

---

Mwalimu Mstaafu anajibu:

Mzee wa Mkunguni amesema la msingi. Naongeza la darasani.

Nimefundisha miaka mingi chini ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Siku za mwisho jumla ilikuwa alama 500. Katika shule moja niliyofundisha, sitaitaja, kufika muhula wa pili wa darasa la nane tuliondoa kila kitu kisichotahiniwa. Mchezo wa kuigiza ukaondoka, kuchora kukaondoka, na kipindi cha michezo watoto walikuwa ndani wakijibu maswali ya kuchagua A, B, C au D. Insha walikariri. Nilisahihisha insha 40 zilizoanza na jua lile lile lililochomoza siku ile ile "nyekundu kama dhahabu". Alama zilipanda. Uandishi ulikufa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliouzika.

Mchumi mmoja wa Uingereza, Charles Goodhart, aliliona jambo hili mwaka 1975 katika mambo ya fedha. Kwa lugha yetu: namba uliyokuwa ukiitumia kutazama hali, ukianza kuishinikiza ili ipande, haikuonyeshi tena hali. Binti yako alama zake zilipanda mpaka 11. Kusoma kwake kulipanda?

---

Muuguzi wa Pwani (Malindi) anajibu:

Nawaheshimu nyote lakini msitupe vipimo vyote baharini. Mimi kila siku naona watu wa sukari na presha. Mgonjwa anayeandika kipimo chake asubuhi kwenye kijitabu namtibu vizuri kuliko yule anayeniambia "najisikia tu sawa". Namba ile ni taa. Mwanga wake unakuonyesha shimo, ukalikwepa.

Shida huanza taa ikiabudiwa. Nina mgonjwa nilimwambia atembee. Akanunua saa ya kuhesabu hatua, akaambiwa na saa kwamba lazima 10,000. Mwanzo alikuwa akitembea jioni mpaka Nguzo ya Vasco da Gama, anapunga upepo, anasalimiana na wavuvi, presha ikatulia. Miezi miwili baadaye mkewe akaniambia kwamba mumewe saa tano usiku anazunguka kitanda kumalizia hatua 600, na akikosa hazungumzi na mtu.

Nikamweleza kwamba ile 10,000 haikuteremshwa. Ilipata umaarufu huko Japani, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Kiliitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo naweza kurudi Nguzoni bila saa?" Nikamwambia nenda, na kijitabu cha presha uniletee.

Kwa hivyo fundi, kama mtoto wako ana dawa za kumeza, weka alama ukutani. Kumpenda bibi usikuweke.

---

Fundi Mbao anarudi:

Nimesoma yote mara mbili, na la uji nimemsomea mama watoto. Allah awalipe.

Niliyoyafanya. Daftari nimelitoa, na msumari nimeung'oa pia. Niliwaita watoto, nikawaambia baba ndiye aliyekosea hesabu. Yule mdogo alilia, alikuwa anaongoza wiki ile, nikampa shilingi 100 yake kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Mashindano sikuyaua kabisa, maana wanayapenda nami nayapenda. Sasa naweka birika jikoni, nasema ua uwe safi kabla maji hayajachemka. Wanakimbia wote watatu na mifagio, wanacheka, wanagongana. Birika likipiga kelele tunakunywa chai. Hakuna kinachoandikwa.

Kurani imekuwa ngumu zaidi. Binti aliniuliza, "Sasa nikisoma Naba'i nitapata nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikaa naye tukasoma aya tano, tukaishia hapo. Jana alisoma mbili peke yake. Nasubiri, siongezi neno.

Kijana mkubwa bado. Hataki kusema lolote juu ya goti la bibi, nadhani anaona haya. Jana nilimkuta amesimama nje ya nyumba ya mama yangu na ile chupa ya mafuta ya nazi mkononi, ameegemea ukuta, hajapiga hodi. Nilipita kama sikumwona. Alirudi nyumbani baada ya Isha, mikono inanuka nazi.

Mzee, kesho baada ya Asr nitashuka naye Mkunguni. Anajua kutembeza kete lakini nyumba yake huivunja mapema. Nakuomba umfundishe kunamua, na ukimfunga umfunge kweli.