Tope la mifereji ya makazi: ilipe halmashauri au wenye nyumba za ukingoni?

Mleta hoja: Wakuu, mifereji ya bahari inayopita kati ya nyumba inajaa tope. Maji yakipwa, boti zinalalia ubavu. Halmashauri za pwani zinaombwa zilipie uchimbaji. Ni haki?

Mwenye Gati: Haki kabisa. Tope halikuletwa na boti. Tazama ramani ya kina cha maji: fungu la mchanga linaanzia kwenye mdomo wa mtaro wa mvua, kisha linapungua kadiri unavyosogea mbali nao. Huo ni mchanga wa barabara za mji mzima.

Mhasibu: Sikatai, ila maji ya mvua yanataka njia tu. Kina cha mita 1.8 wakati wa kupwa ni hitaji la mkuku wa boti yako, mkuu. Umma ulipie hadi kina cha kupitisha mafuriko. Kinachozidi kilipiwe na wenye gati, kwa tozo ya kila mita ya kiwanja inayotazama maji.

Mpimaji: Mnagawana bili msiyoijua. Chukueni mfereji wa mita 800, upana 15, tope sentimita 60: mita za ujazo 7,200. Mashine haikati chini ya maji kama randa, kwa hiyo mkataba huruhusu izidishe kidogo. Sentimita 15 tu ni 1,800 zaidi, tumefika 9,000. Likitolewa, tope huvimba. Likivimba kwa asilimia 25 ni 11,250, yaani safari 1,125 za lori la mita 10, na hapo bado hamjalichuja maji. Malipo yafuate vipimo vya kina kabla na baada ya kuchimba, kamwe yasifuate idadi ya malori. Mkihesabu malori mtailipia bahari.

Mwenye Gati: Si limwagwe baharini basi?

Mpimaji: Sampuli kwanza: risasi, shaba, zebaki, na tributiltini, sumu ya rangi za zamani za boti. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika 2008, lakini iliyokwisha kudondoka imezikwa humo humo. Tope likikutwa na sumu, gharama ya kulitupa yaweza kuipita ya kulichimba. Zabuni isitangazwe kabla ya majibu ya maabara.

Fundi Kuta: Na msichimbe hadi kwenye ukuta. Acheni mteremko wa 1 kwa 3, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 3 za mlalo; ukiondoa tope lililoegemea mguu wa ukuta, ukuta unainamia majini, na kesi inahamia kwa halmashauri. Mfereji usio na tundu upande wa pili usizidi kina cha mlango wake. Ukizidi ni shimo: maji ya chini hayabadilishwi, oksijeni inaisha, samaki wanaelea.

Mhasibu: Basi fungu la kwanza la umma liende kwenye visima vya kunasa mchanga midomoni mwa mitaro, pamoja na bajeti ya kuvizoa kila mwaka.

Mwenye Gati: Visima sawa. Lakini tope lililokwisha kuingia ni la mtaro wenu, na tozo hiyo siilipi mpaka mnionyeshe lipi ni langu.

Mpimaji: Hilo linapimika. Chora mstari wa kina cha mafuriko kwenye ramani ile ile. Ujazo ulio juu yake ni wa umma, ulio chini yake ni wako.