Kisu cha kukunja cha babu: kuking'arisha, kukiacha na weusi wake, au kununua kipya?

Mjukuu_wa_Seremala:
Wakuu, salaam. Nimeachiwa kisu cha kukunja cha marehemu babu. Kimelala kwenye ala ya ngozi zaidi ya miaka kumi na mitano, na siku ya kwanza ukucha haukuweza kukifungua. Ubapa umekuwa wa kijivu cha moshi upande wa mpini. Karibu na ncha kuna kutu nyekundu, madoa matatu kama vichwa vya kiberiti. Katikati makali yameliwa na kinoo mpaka yamejipinda kidogo kwa ndani. Mpini ni wa pembe.

Nimeshauriwa njia tatu: nikipeleke kwenye grainda, nikiloweke kwenye siki, au nikisugue taratibu kwa mafuta. Rafiki yangu anasema nikiweke tu kabatini, ninunue cha stenlesi. Nisaidieni kulinganisha, maana nataka kukitumia.

Mkono_Mkavu:
Grainda iondoe kabisa kwenye hesabu. Baada ya chuma kukazwa, yaani kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, hupashwa tena moto wa wastani, mara nyingi karibu nyuzijoto 200, ili kisiwe kigumu cha kupasuka. Sasa makali ni membamba, na kwenye grainda yanapata moto kufumba na kufumbua. Ukiona rangi ya bluu, ujue joto limefika karibu 300 na ugumu umeondoka. Utanoa asubuhi, jioni butu. Halafu ubapa wenyewe umeshaliwa vya kutosha.

Bi_Makali:
Siki nimeitumia, na inafanya kazi kweli. Ila haichagui: ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Kisu cha mama yangu nilikiloweka usiku kucha. Asubuhi kilitoka na vishimo vishimo, na chapa ya mtengenezaji ilikuwa imefifia hata haisomeki. Roho iliniuma sana, kwa sababu ile chapa ndiyo niliyokuwa nikiipapasa kwa kidole tangu utotoni.

Kwa ubapa mtupu usio na mpini, labda nusu saa huku unaangalia, kisha unaosha kwa sabuni na kukausha. Kwa kisu cha kukunja hapana. Siki itaingia kwenye kiungo na kwenye springi ambako kitambaa hakifiki, na pembe haipendi kuloweshwa.

Msafiri77:
Mimi nitetee stenlesi kidogo. Warsha ya Karl Elsener kule Uswisi ilianza 1884, na chuma hicho kilipoingia 1921 waliongeza neno «inox», yaani stenlesi, kwenye jina la Victoria, ikawa Victorinox. Changu nakiosha, nakisahau kwenye begi, nakikuta vilevile. Kwa mtu asiye na muda, hicho ndicho.

Lakini ninacho pia Opinel, kisu cha Kifaransa, cha chuma cha kaboni, yaani kisicho stenlesi, na kwenye kinoo kinashika makali upesi kuliko kile kingine. Ukinoa mwenyewe, tofauti unaisikia mkononi. Shida ni kwamba ukikiacha na maji usiku mmoja tu, kutu imeshaanza.

Mzee_Kinoo:
Mwanangu, tenganisha rangi mbili hizo. Ule utandu wa kijivu si ugonjwa. Ni chuma kimejivika nguo, na husaidia kupunguza kasi ya kutu nyekundu. Ukiung'arisha unakivua nguo. Toa nyekundu peke yake.

Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, fungua na funga mara ishirini, futa ule uji mweusi. Rudia mpaka mafuta yatoke safi. Usitumie mafuta ya kupikia, yakikaa yanageuka gundi. Madoa yapake mafuta hayo hayo, subiri siku nzima, kisha sugua kwa kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma kilichokazwa, kwa hiyo itakwangua kutu bila kuchana ubapa.

Kunoa, laza kisu kwenye jiwe nyuzi 15 hadi 20, mkono mwepesi. Na usikirudishe kwenye ala! Ngozi hunyonya unyevu, na ndiyo iliyokiumiza. Kiviringishe kwenye kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo.

Mjukuu_wa_Seremala:
Mzee wangu, shikamoo. Nimefanya hivyo siku nne. Tone la kwanza lilitoka jeusi kama wino, la saba likatoka safi. Sasa springi inapiga "tak!" nikifunga, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Chini ya uchafu karibu na kiungo yametokea maandishi: SOLINGEN. Madoa mawili yameondoka, la tatu limeacha kishimo.

Mkono_Mkavu:
Hongera! Huo ni mji wa visu wa Ujerumani, na jina lake linalindwa kisheria tangu 1938. Kishimo kiache. Ukikifuata kwa msasa utapunguza ubapa wote kwa ajili ya nukta moja.

Mjukuu_wa_Seremala:
Swali la mwisho: ubapa unacheza kidogo kushoto na kulia. Nigonge ribiti, ile pini ya kiungo?

Mzee_Kinoo:
Ukifunga, makali yanagusa ubavu wa mpini?

Mjukuu_wa_Seremala:
Hapana, yanapita katikati.

Mzee_Kinoo:
Basi usiguse nyundo. Pembe ya zamani hupasuka kwa pigo dogo tu. Kitumie hivyo hivyo, na baada ya kazi kikaushe kabla hujakikunja.