Eti "maji yanajua njia": njooni mnisaidie na huyu fundi wa peiva

GetiJeusi_Naalya

Banange, nipisheni nimwage hapa kabla sijamwaga kwingine.

Jina silitaji, nyote mnamjua. Yule wa kofia ya manjano na simu mbili, mwenye tepu ambayo haijafunguliwa tangu itoke dukani. Ukimuuliza chochote anajibu "hiyo ni ndogo, madamu". Huku pembeni mwa Kampala, kuanzia Naalya mpaka Kyaliwajjala, hakuna ua ambao hajauacha na kilio.

Kazi yenyewe: njia ya gari ya zege la zamani. Nyufa zinaingia kidole, mizizi ya mwembe imeinua kona moja, ukikanyaga huku kule kunanyanyuka. Makubaliano ni vunja, toa, chimba, shindilia, panga peiva, yale matofali madogo ya zege. Mtu mzima akamwaga mchanga JUU YA ZEGE LILELILE. Akapanga, akagongagonga na nyundo ya mpira, akaomba salio. Gari likipita peiva zinalia kama amadinda, ile marimba ya Buganda.

Tena mchanga sm 3, peiva sm 6, jumla sm 9 juu ya pale geti lilipokuwa likipita. Geti likagoma. Dawa yake? Akaleta grainda akalikata geti kwa chini! Sasa kuku wa mtaa mzima wanaingia na kutoka bila kupiga hodi.

Haya, hayo yote ningemeza. Mvua ikanyesha. Njia yote imelalia upande wa gereji, maji yakaingia gerejini moja kwa moja. Kaitwa, kaja, kayatazama maji, kavua kofia, kasema kwa upole kabisa:

"Madamu, maji yanajua njia."

MAJI. YANAJUA. NJIA.

Kweli yanajua! Yamepita chini ya mlango, yakaifikia mifuko ya saruji iliyobaki, sasa gereji ina mawe manne yenye nembo ya kiwanda. Angefoka ningemwelewa. Angekana ningemwelewa. Lakini kavua kofia! Na salio bado analitaka: nimlipe au nisimlipe?

---

Boda_wa_Kireka

Nyabo, maji yanajua njia, wewe ndiye huijui 😂😂

---

KokotoNusuInchi

Pole nyabo. Kuweka peiva juu ya zege si kosa kila mara. Zege likiwa zima, halichezi, lina mteremko mzuri, na kuna nafasi ya kupanda juu bila kugusa geti wala kizingiti, inawezekana. Ila lazima utoboe matundu ya sm 5 hivi sehemu za chini, uyajaze kokoto ndogo, uyafunike na kitambaa cha jiotekstaili mchanga usikimbie. Bila matundu maji yanakaa juu ya zege, mchanga unageuka uji, gari likipita uji unapanda kwenye maungio. Ndiyo maana zinalia.

Lako lenye nyufa na mizizi halikufaa hata hivyo. Ufa wa chini hupanda juu. Zege likicheza, peiva zitacheza.

---

GetiJeusi_Naalya

Asante sebo. Lakini matundu hayo angeyatoboa wapi mtu anayeamini maji yana ramani?

---

PimaMaji60

Tuongee vipimo, maana hasira haichimbi. Chukua njia ya mita 12 kwa 3.5, yaani mita za mraba 42. Zege la sm 10 hapo ni mita za ujazo 4.2, karibu tani 10. Fundi anayekuambia atalivunja na kulihamisha na toroli moja kwa siku moja, achana naye mapema. Likivunjwa linavimba, kwa hiyo usihesabu lori kwa 4.2, hesabu 6 na zaidi.

Ila usilitupe lote. Likipondwa vipande visivyozidi ngumi ni mawe mazuri ya msingi. Nondo na wavu wa chuma vitolewe kwanza.

Kina cha kuchimba: peiva sm 6 + mchanga sm 3 + msingi sm 15 = sm 24 chini ya uso unaoutaka. Palipo na udongo wa kujazwa au tope, ongeza msingi. Chimba upana uzidi njia sm 15 kila upande ili kingo zipate pa kukaa.

Msingi usimwagwe wote mara moja. Tabaka za sm 7 hadi 10, kila moja ishindiliwe na kompakta, ile mashine ya kushindilia. Maramu ya msingi, ule udongo mwekundu wa changarawe, iwe na unyevu: finyanga konzi, ikishika umbo bila kuchafua kiganja iko sawa. Ikivunjika nyunyiza maji. Ikikupaka tope, subiri jua. Watu wanashindilia vumbi kavu, wanashangaa Aprili njia imebonyea pale magurudumu yanapopita.

---

Boda_wa_Kireka

Sebo huyu fundi kompakta yake ni miguu ya wasaidizi wake wawili na gumbuti.

---

GetiJeusi_Naalya

Mmoja! Mwingine alikuwa anashika simu ya pili.

---

Afande_Mstaafu_Jinja

Dada, uliona bei yake ukacheka. Sasa bei inakucheka wewe.

Mteremko ni sm 2 kwa kila mita, mbali na nyumba. Mita 12 ni sm 24 kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huo unaanzia chini kwenye msingi. Hausahihishwi kwa kuongeza mchanga huku na kupunguza kule. Mchanga ukiwa sm 6 upande mmoja na sm 2 upande mwingine, ule mnene utashuka na utapata dimbwi.

Halafu kwa vilima vyetu hivi viwanja vingi viko chini ya barabara. Kama geti liko juu na gereji iko chini, utalaumu fundi mpaka uzeeke: maji yatashuka tu. Hapo dawa ni mfereji wenye wavu wa chuma unaokata njia nzima mbele ya mlango wa gereji, ukitoa maji kwenye shimo la mawe au mtaro. Mfereji uwe chini ya peiva kwa nusu sm hivi. Wakiuweka juu kuliko peiva, maji yanauruka.

---

GetiJeusi_Naalya

Afande, bei ilikuwa ya kawaida! Na gereji iko JUU, geti liko chini. Huyu mtu kafanya maji yapande mlima. Halafu anavua kofia, eti yanajua njia.

---

KokotoNusuInchi

Basi hiyo ni kipaji.

---

MtuWaBusia

Ninyi mnaongea maji, hakuna aliyeuliza kingo. Kabro, yaani peiva hizohizo, bila kingo ni pesa iliyomwagwa. Gari linapokata kona linasukuma matofali pembeni, maungio yanafunguka, mchanga unatoka, baada ya hapo ni kuhesabu moja moja zikiondoka. Kingo zikae ndani ya zege, na nyuma yake kuwe na bega la zege linalofika zaidi ya nusu ya kimo. Chokaa cha saruji kilichopakwa ukingoni kwa mwiko si ukingo, hicho ni pambo.

Na mpangilio. Njia ya gari ni mfupa wa samaki, wa digrii 45 au 90. Zile za kupanga mistari minyoofu inayofuata gari zinatembea. Za miguu panga utakavyo.

---

GetiJeusi_Naalya

Kingo??? 😭 Kasema majani yatashika.

---

Mama_Peiva_Mbale

Peiva zenyewe alizitoa wapi? Za magari madogo ni sm 6, kama lori la maji au la mchanga linaingia uani weka sm 8. Gonga mbili pamoja: ikilia kengele ni ngumu, ikilia kama kuni irudi ilikotoka. Vunja moja katikati utazame ndani. Kokoto ziwe zimetawanyika sawa, pasiwe na matundu wala utando wa rangi tu juu. Zilizofyatuliwa juzi utazijua kwa kingo zinazomeng'enyeka kwa kucha. Saruji inataka kumwagiliwa siku 7 za kwanza na kusubiri siku 28 ndipo uzipitishie gari. Vijana wa kando ya barabara wanauza zikiwa bado zina joto.

Za sm 20 kwa 10 ni 50 kwa mita ya mraba. Kwa mita 42 ni 2,100, ongeza asilimia 5 hadi 10 za kukata. Mfupa wa samaki wa digrii 45 unakula vipande vingi, chukua 10. Na asikuwekee ukingoni kipande kilicho chini ya theluthi ya peiva, kitaruka. Ukichukua kutoka marundo tofauti, changanya, la sivyo utapata mabaka ya rangi.

---

PimaMaji60

Mama kamaliza. Niongeze kitanda cha mchanga. Laza mabomba mawili ya inchi moja juu ya msingi, mwaga mchanga, vuta rula ya alumini juu yake. Bomba hilo lina unene wa nje wa sm 3 na kidogo, ndicho kipimo chenyewe. Toa mabomba, jaza mifereji yake, usikanyage. Usiushindilie kabla. Panga peiva zikiwa juu ya usawa unaoutaka kwa nusu sm hadi sm 1, kompakta itazishusha. Pitisha mara mbili au tatu, ukikaa mita moja kutoka upande ambao haujafungwa. Fagilia mchanga laini MKAVU kwenye maungio, pitisha tena, fagilia tena. Maungio ni mm 2 hadi 5.

Asije mtu akamwaga uji wa saruji kwenye maungio. Peiva zinatakiwa kusogea kidogo. Saruji inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati pa kutokea.

---

MtuWaBusia

Mchanga gani? Vumbi la mawe ndilo linashika.

---

PimaMaji60

Linashika na linashikilia maji pia. Lile lenye unga mwingi halipitishi. Kitanda kinataka mchanga wa chembe kali, ulio safi. Ukiusugua mkononi ukaacha vumbi la kahawia, huo ni wa plasta.

---

MtuWaBusia

Kuna njia za vumbi la mawe huku mpakani zinabeba malori. Njoo uone.

---

PimaMaji60

Zinabebwa na msingi wake, si vumbi.

---

MtuWaBusia

Sawa, profesa wa mchanga.

---

TripuTupu

Kwa kuwa mmefika kwenye mchanga: nani hapa ameuziwa "tripu nzima", yaani lori zima, ya mchanga wa Lwera kule Masaka Road ikafika nusu? Madereva wale wanarundika katikati kilima, pembeni kuna hewa.

---

Boda_wa_Kireka

AFADHALI UMESEMA. Lori linatoka Masaka Road limejaa, linafika Kireka limekonda.

---

KokotoNusuInchi

Hiyo haina ushahidi mpaka upime. Kabla hajamwaga, panda juu, sawazisha kwa sepetu, pima urefu na upana wa bodi kwa ndani, halafu kimo cha mchanga pembe nne na katikati. Zidisha. Na jueni mchanga wenye unyevu kidogo umevimba, unaweza kuzidi ule mkavu kwa robo. Unalipia nafasi iliyo katikati ya chembe. Ndiyo maana rundo linashuka bila mtu kuiba.

---

TripuTupu

Kwa hiyo mwizi ni unyevu? 🤣 Mnawatetea!

---

Afande_Mstaafu_Jinja

Wenye mchanga ni malaika mkiwalinganisha na wachomeleaji wa mageti. Bawaba za bomba jembamba kwenye geti la mita 4. Baada ya msimu mmoja linaburuza chini, ndipo unaona hata mafundi wa peiva wanalaumiwa.

---

GetiJeusi_Naalya

Afande, langu halikuburuza! Lilipandishiwa sm 9 za peiva! Na bado hakuna aliyejibu: salio lake nimlipe au nimwambie pesa nayo inajua njia?

---

Mama_Peiva_Mbale

Afande, mita 4 kwa bawaba ni kulitesa, weka la kuteleza kwenye reli. Ila reli iwekwe kabla ya peiva, juu ya mkanda wake wa zege, sio kuchomekwa kwenye mchanga baadaye.

---

Afande_Mstaafu_Jinja

Reli ya chuma cha pembe au ya duara? Ya pembe inajaa kokoto.

---

Mama_Peiva_Mbale

Pembe iliyopinduliwa, mgongo juu. Gurudumu lenye mfereji wa V. Kokoto zinaanguka zenyewe pembeni.

---

TripuTupu

Gurudumu hilo Kampala linapatikana wapi lenye beringi ya kweli? La mwisho lilikuwa na beringi ya baiskeli.