Mrejesho: Mtoto kwenda shule peke yake kwa baiskeli

Asanteni mliojibu swali langu la lini mtoto wa miaka 10 aachwe aende shule peke yake kwa baiskeli. Yaliyosaidia ni haya.

Kipimo kikubwa kuliko umri ni kutazama nyuma. Aendeshe juu ya mstari ulionyooka, ageuze kichwa, ataje wewe uliye nyuma yake umenyoosha vidole vingapi, baiskeli isiyumbe. Wengi huyumba kwa sababu mkono huvuta usukani kichwa kinapogeuka. Alegeze viwiko, asiukabe usukani. Asiyeweza hili bado, akifika pa kuvuka barabara ashuke asukume.

Breki nazo zikaguliwe. Vidole vifupi mara nyingi havifiki; kwenye mkono wa breki nyingi kuna skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani.

Njia bora ni ile inayokwepa makutano makubwa, hata ikiwa ndefu kidogo. Apite kama mita 1 kutoka magari yaliyoegeshwa, maana mlango hufunguliwa ghafla. Lori likisimama kwenye makutano abaki nyuma yake, kamwe asijipenyeze ubavuni: dereva hamwoni.

Katika safari za mazoezi, mzazi huanza kwa kuendesha mbele ya mtoto, kisha nyuma yake, kisha humsubiri mwisho wa safari. Hatua hiyo ya nyuma msiiharakishe hata kidogo, kwani ndipo mtoto anapoanza kuamua mwenyewe. Ukipaza sauti "simama!" kila makutano, atasubiri sauti yako badala ya kutazama magari. Nyamaza isipokuwa kuna hatari, mkifika mwulize aliona nini na kwa nini alisimama.